Distempa kwenye Miteremko ya Mlima Kenya: Mbwa Hupotea Kabla Hajaugua

Mbwa wa Kianjokoma ni mfanyakazi. Usiku hulinda zizi la ng'ombe wa maziwa, banda la kuku na magunia ya makadamia. Mchana hufuata watoto mpaka mtoni na wachumaji mpaka kwenye majani chai, na akiachiwa hufika ukingo wa msitu wa Irangi. Huku juu ya mji wa Embu ni vigumu kupita njia ya kijiji bila kubwekewa. Hata hivyo, siku ya matibabu mbwa ndiye mnyama wa mwisho kufikiriwa, akitanguliwa na ng'ombe, mbuzi na hata kuku.

Distempa ni miongoni mwa maradhi yanayomwondoa kabla hajakomaa, na mkondo wake unajulikana. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu au minne anaamka na macho mekundu yenye tongotongo, pua inatiririka, chakula anakinusa na kukiacha. Mwenyewe anapitia kwenye agroveti na kununua sindano ya antibiotiki. Baada ya siku kadhaa mbwa anaonekana kupata nafuu. Wiki mbili au tatu baadaye anaanguka kwa kifafa, taya zikitafuna hewa na mate yakimtoka, na majirani wanasema ni kichaa. Kinachofuata ni rungu au sumu.

Mkondo huo una makosa matatu. Ugonjwa ulitambuliwa kwa kubahatisha. Ukatibiwa kwa dawa isiyougusa. Na kubwa kuliko yote, ulimkuta mbwa bila kinga kabla ya dalili ya kwanza. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba makosa mawili ya kwanza yanaweza kupunguzwa, na inafaa yapunguzwe, lakini la tatu ndilo linaloua. Uamuzi unaomwokoa mbwa hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 16 ya maisha yake, na mipango yetu ya chanjo, ya nyumbani na ya serikali, haizilengi wiki hizo.

Kirusi na ukoo wake

Distempa huletwa na kirusi cha jenasi ya mobilivirusi, ndugu wa kirusi cha surua ya binadamu na cha sotoka ya ng'ombe. Mfaransa Henri Carré alionyesha mwaka 1905 kwamba chanzo chake ni kitu kidogo kuliko bakteria, kinachopenya hata kwenye vichujio vya maabara. Undugu na sotoka unapaswa kumgusa msomaji wa Kenya kwa namna ya pekee. Sotoka ndiyo iliyofyeka ng'ombe na wanyamapori wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Silaha iliyoishinda ilitengenezwa hapa nchini, Muguga, ambako Walter Plowright na wenzake walipata chanjo ya kuaminika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka.

Ukoo huu wa virusi una sifa moja njema: mnyama aliyechanjwa vizuri hupata kinga imara ya muda mrefu. Undugu wenyewe ni wa karibu kiasi kwamba zamani chanjo ya surua ya watoto iliwahi kutumiwa kuwakinga watoto wa mbwa. Lakini distempa ina ugumu wake. Inashika wanyama wengi walao nyama: mbwa wa nyumbani, mbweha, mbwa mwitu, fisi, simba, chui, hata nguchiro. Kwa hiyo haiwezi kufutwa kirahisi duniani. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kumkinga mbwa mmoja mmoja na kijiji kimoja kimoja.

Kirusi husafiri kwa matone ya pumzi, makamasi, mate na machozi, na pia hutoka kwa mkojo na mavi. Mbwa akikivuta, kirusi huanza kuzaliana kwenye tezi za koo, kisha hujaa kwenye damu na kuangamiza seli nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Homa ya kwanza hupanda ndani ya siku tatu mpaka sita na mara nyingi hupita bila mtu kuiona. Ya pili huja na dalili za wazi. Mbwa mwenye kinga nzuri hukifukuza kirusi katika wiki mbili za mwanzo. Mwenye kinga hafifu hukiacha kienee mapafuni, matumboni, kwenye ngozi na mwishowe ubongoni. Anayepona anaweza kuendelea kukitoa kwa miezi miwili au mitatu, akitembea kijijini kama mzima.

Nje ya mwili, kirusi hiki ni dhaifu. Jua, joto, sabuni na maji ya Jik hukiua upesi. Hudumu zaidi penye baridi na kivuli, na hilo linahusu miteremko ya Mlima Kenya, hasa kati ya Juni na Agosti wakati ukungu haupandi mpaka mchana. Bado, hatari kubwa ni mbwa mwingine aliye hai. Kirusi cha pavo, ugonjwa mwingine wa mbwa, ni tofauti: hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi.

Swali la kwanza: je, ni kichaa?

Anayemchunguza mbwa mwenye kifafa, mate na mwendo wa kupepesuka huku Embu aanze na kichaa cha mbwa kabla ya kuitaja distempa. Distempa haimshiki binadamu. Kichaa humshika, na dalili zake zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Kenya imekuwa nacho tangu kilipothibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, pembezoni mwa Nairobi, na mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kukikomesha ifikapo 2030.

Basi mbwa asiyechanjwa dhidi ya kichaa anayeonyesha dalili za ubongo achukuliwe kuwa hatari mpaka ithibitike vingine. Asifunguliwe kinywa kutafuta mfupa uliokwama. Watoto wakae mbali. Afungiwe penye ukuta imara na daktari wa mifugo aarifiwe. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda au machoni, aoshe mahali hapo kwa maji mengi, na kidonda kwa maji ya bomba na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano za kinga. Mbwa aliyeng'ata na bado yu hai hutazamwa kwa siku 10. Kama ni kichaa, kwa kawaida atazidiwa na kufa ndani ya muda huo. Akifa au akiuawa, ubongo wake ndio unaopimwa. Ndiyo maana kumponda kichwa kwa rungu na kumzika haraka humnyima aliyeng'atwa jibu analolihitaji mno.

Historia ya mgonjwa husaidia kutofautisha. Mbwa wa distempa kwa kawaida amepitia mafua, tongotongo na kuhara kabla ya kifafa. Mbwa wa kichaa mara nyingi hubadilika tabia ghafla: mpole anakuwa mkali au mkali anajificha, sauti inakwaruza, taya linalegea. Hata hivyo, kuna mbwa wa distempa wanaoanza na dalili za ubongo pasipo kikohozi, na historia peke yake haitoshi kumweka mtu salama.

Kuitambua distempa

Shaka ya kichaa ikiondoka, au mbwa akiwa bado kwenye hatua ya mafua, kazi ya utambuzi huanza. Dalili moja haitoshi. Daktari hutafuta dalili zinazokuja pamoja katika mbwa mdogo asiye na chanjo: homa, usaha machoni na puani, kikohozi, kutapika na kuhara, kukonda. Baadhi hupata vipele vya usaha tumboni pasipo na manyoya. Wengine ngozi ya pua na ya nyayo hukakamaa na kupasuka, na hii ni alama yenye uzito mkubwa kwa kuwa maradhi machache huileta. Mbwa aliyepona akiwa mdogo anaweza kuota meno yenye mashimo na rangi ya kahawia, kwa sababu kirusi kiliharibu tabaka gumu la jino lilipokuwa likiundwa.

Dalili za ubongo huja pamoja na hizo, au wiki moja mpaka tatu baada ya mbwa kuonekana amepona, na mara nyingine baada ya miezi. Kuna kifafa cha kutafuna hewa, kuzunguka duara, kupooza miguu ya nyuma, na mruko wa misuli unaojirudia kwa mpigo mmoja hata mbwa akiwa usingizini. Mruko huo ukitanguliwa na mafua ya wiki zilizopita, daktari mzoefu ana sababu nzuri ya kusema ni distempa.

Kosa lililoenea ni kulibandika jina hilo juu ya kila mbwa anayetetemeka. Pavo huleta kutapika na kuhara damu kwa kasi, kwa kawaida bila usaha machoni. Maradhi ya kupe, ehrlichia na babesia, huleta homa, ulegevu, ufizi mweupe au wa manjano, na nyakati nyingine damu puani, na dawa zake zipo. Sumu ya wadudu ya shambani na sumu anayotegewa mbwa mzururaji huleta degedege ndani ya muda mfupi kwa mbwa aliyekuwa mzima asubuhi. Kikohozi cha mbwa wanaokaa pamoja mara nyingi hupona chenyewe. Kila mbwa wa babesia anayeachwa afe kwa kuwa "ni distempa, haina dawa" amepotezwa bure. Kutambua vizuri kuna faida hata pale ambapo jibu la distempa halibadilishi matibabu, kwa sababu humwondoa kwenye orodha ya wasio na dawa yule ambaye dawa yake iko dukani.

Maabara husaidia, lakini ina mipaka yake. Kwenye damu, upungufu wa seli nyeupe za aina ya limfosaiti katika siku za mwanzo huongeza shaka. Kifaa cha haraka hupima ute wa jicho kwa dakika chache: kikionyesha kirusi kwa mbwa mwenye dalili, jibu lina nguvu. Kisipoonyesha, distempa haijaondolewa, hasa mbwa akishafika hatua ya kifafa, wakati kirusi kimeshatoka machoni na kubaki ubongoni. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi kwa makini zaidi kwenye ute, damu, mkojo au maji ya uti wa mgongo. Lakini mbwa aliyechanjwa wiki chache zilizopita anaweza kuonyesha kirusi cha chanjo chenyewe, ndiyo maana tarehe ya chanjo iandikwe kwenye fomu ya sampuli. Kutoka Kianjokoma sampuli itasafiri mbali, hadi Karatina au Kabete, na gharama hiyo si ya kila boma. Kwa hiyo mara nyingi uamuzi utabaki kwa daktari anayeshika mbwa, kumuuliza mwenyewe maswali sahihi na kuandika majibu.

Matibabu: kumshikilia mbwa mpaka kinga yake iamke

Hakuna dawa inayokiua kirusi cha distempa ndani ya mbwa. Antibiotiki ya agroveti haikigusi. Ina kazi nyingine ya kweli: kuzuia bakteria wanaovamia mapafu na matumbo baada ya askari wa mwili kuanguka. Nafuu ya siku chache huenda ikatokana na hilo, na ndiyo inayomdanganya mwenye mbwa kwamba vita vimekwisha.

Kinachobaki ni msaada wa mwili. Dripu kwa anayetapika na kuhara. Dawa ya kuzuia kutapika. Dawa ya minyoo anapopata nguvu ya kuistahimili. Chakula laini kidogo kidogo: uji mwepesi, supu, yai lililochemshwa. Mahali pakavu penye joto, kwani baridi ya usiku ya huku juu humaliza mtoto wa mbwa aliyekonda. Macho na pua visafishwe kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, ili aweze kunusa chakula chake. Kifafa hudhibitiwa na daktari kwa diazepamu wakati wa shambulio na fenobabitali kwa siku zinazofuata. Mruko wa misuli kwa kawaida haupotei, lakini mbwa anayekula, kutembea na kumtambua mwenyewe anaweza kuishi nao.

Kwa ujumla, takriban nusu ya mbwa wanaougua distempa hufa, na kwa watoto wa mbwa hali huwa mbaya zaidi. Mwenye mbwa anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajatumia pesa ya karo. Mbwa akifikia kifafa kisichokatika, au akapooza asiweze kula, kumlaza kwa sindano ya daktari ni huruma. Sumu ya panya haina huruma yoyote, na inaweza kumfikia hata paka au kuku wa jirani.

Jukumu jingine ni kuwalinda waliobaki. Mgonjwa atengwe siku ileile, na vyombo vyake viwe vyake peke yake. Anayemhudumia awahudumie wazima kwanza, kisha mgonjwa, halafu anawe na kubadilisha koti na gambuti. Mbwa wengine wa boma na wa jirani wachanjwe mara moja bila kungoja jibu la maabara, kwa kuwa chanjo hai ya distempa huanza kukinga ndani ya siku chache.

Yaliyotokea Serengeti, Mkomazi na Laikipia

Anayedhani haya ni mambo ya mbwa wa kijijini tu aitazame Serengeti. Kati ya mwishoni mwa 1993 na 1994, distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, yaani karibu simba 1,000, na kuvuka hadi Maasai Mara. Fisi, chui na mbweha masikio nao walikufa. Watafiti walipochunguza baadaye waligundua kwamba kirusi hakikuwa peke yake. Ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata babesia kwa wingi kinga yao ikiwa imeangushwa na distempa. Hali kama hiyo ilijirudia Ngorongoro mwaka 2001. Tabibu wa mbwa wa Embu ana la kujifunza hapo: kudhibiti kupe ni sehemu ya kuidhibiti distempa, kwa sababu maradhi ya kupe na distempa yakikutana kwenye mwili mmoja madhara huzidi sana.

Mkomazi, Tanzania, somo lilikuwa la chanjo. Mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001, mbwa mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa wakizalishwa kwenye mabanda ya hifadhi walikufa kwa distempa. Walikuwa wamechanjwa, lakini kwa chanjo iliyouawa, iliyochaguliwa kwa sababu chanjo hai imewahi kuwaletea ugonjwa wenyewe baadhi ya wanyama wa porini. Haikuwakinga. Kwa mbwa wa nyumbani chanjo hai ni salama na yenye nguvu, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwaka 2017 distempa iliingia Laikipia, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, na kuangamiza sehemu kubwa ya mbwa mwitu wa huko.

Hata hivyo, kuwatupia mbwa wa nyumbani lawama yote hakulingani na ushahidi. Miaka mingi ya kuchanja mbwa kandokando ya Serengeti ilipunguza ugonjwa kwa mbwa wenyewe, lakini simba waliendelea kuambukizwa, ishara kwamba kirusi kina njia nyingine porini. Basi anayeishi kando ya msitu wa Mlima Kenya amchanje mbwa kwanza kwa ajili ya mbwa. Faida kwa wanyama wa msituni, ikija, ni nyongeza. Na kwa kuwa kirusi kinaweza kutoka msituni pia, mbwa wa ukingoni ana sababu mbili za kuchanjwa.

Wiki ya 6 hadi ya 16

Kwa nini chanjo moja aliyopewa mbwa akiwa mdogo mara nyingi haimkingi? Mtoto wa mbwa hupokea kinga ya mama kwenye maziwa ya siku ya kwanza. Kinga hiyo hupungua wiki baada ya wiki, na maadamu ipo huizima chanjo. Kwa mmoja hutoweka wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 14, na huwezi kujua kwa kumtazama. Ndiyo sababu chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka nne, na dozi ya mwisho ya mfululizo lazima iangukie wiki ya 16 au baada yake. Nyongeza hutolewa kati ya umri wa miezi 6 na mwaka mmoja, kisha kila miaka mitatu hutosha kwa distempa. Anayekatiza wiki ya 9 kwa kuwa "alishadungwa" anaweza kuwa hajampa mbwa wake kinga yoyote.

Kuna utata mwingine. Siku za chanjo zinazotangazwa sokoni na kanisani ni za kichaa. Mbwa huchanjwa, mwenyewe hupewa cheti, na nyumbani familia huamini amekingwa dhidi ya kila kitu. Chanjo ya kichaa ni ya lazima, na lengo la kuwafikia asilimia 70 ya mbwa ndilo linalokata mnyororo wa maambukizi. Lakini haikingi distempa hata kidogo. Inayokinga distempa ni nyingine, mara nyingi ikiwa imechanganywa na ya pavo na ya homa ya ini kwenye sindano moja, na hulipiwa na mwenyewe.

Mgawanyo huo una mantiki. Serikali hugharamia kichaa kwa sababu kinaua watu. Tatizo liko kwenye kalenda. Kampeni huja siku chache kwa mwaka, na mbwa aliyezaliwa mwezi mmoja baadaye hupitia wiki zake zote za hatari bila kukutana na daktari. Hata kama kaunti ingeongeza distempa kwenye siku hizo, ingewafikia hasa mbwa wakubwa.

Kinachohitajika Kianjokoma ni utaratibu unaofuata umri wa mtoto wa mbwa, na watu wa kuubeba tayari wapo: chama, kikundi cha kanisa, wakulima wanaokutana kwenye kituo cha kununulia majani chai. Wenye watoto wa mbwa wa rika moja wakipanga siku moja, daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huja mara moja na nauli hugawanywa. Chanjo hubebwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa hutumika papo hapo. Chupa iliyokaa juu ya kaunta yenye joto haina faida, hata iwe ya bei gani. Anayetoa mtoto wa mbwa kwa jirani amwambie tarehe ya kuzaliwa na chanjo alizopata, kama anavyotaja tarehe ya kupandishwa anapouza mtamba.

Na kwa mwenye uwezo wa sindano moja tu ya distempa, ushauri uliopo duniani ni wazi: asiharakie wiki ya 6. Amzuie mbwa ndani ya boma, mbali na soko na mbwa wa njiani, kisha amdunge akitimiza wiki 16. Chanjo ya kichaa aipate kwenye kampeni yoyote inayofika, hata akiwa mdogo.

Pesa ya dripu, ya dawa ya kifafa na ya safari ya kumtafuta daktari usiku huzidi pesa ya chanjo, na bado haimhakikishii mbwa uhai. Shilingi ya kwanza iende kwenye dozi ya wiki ya 16, ya pili kwenye dozi zinazoitangulia, ya tatu kwenye dawa ya kupe. Kaunti ya Embu, kwa upande wake, iwape maofisa wa mifugo wa wadi jukumu la kuandikisha watoto wa mbwa wanaozaliwa kati ya kampeni moja na nyingine, kwa sababu hao ndio ambao distempa huwakuta hawana kinga.